Mpagazi wa Pumzi

Chafya ilimjia Nyamizi akiwa uani, karibu kabisa na mstari wa manjano. Akaibana pua kwa vidole viwili, akakaza taya, macho yakamtoka machozi. Chafya ikapanda, ikagonga, ikarudi ilikotoka. Upande wa pili wa ukuta, ndani ya wodi, Mwamvua Kibwana alibaki amelala salama kitandani mwake.

Mara ya kwanza Nyamizi alipopiga chafya bila kujizuia, wauguzi walikimbizana. Walimkuta Mwamvua ameinuka mabega kutoka kwenye mto, kifua kimejaa hewa asiyoiomba, macho yamemtoka pima. Kwa kuwa bomba la shingoni lilikuwa limemnyang'anya sauti, alipotulia aliomba kibao chake cha kioo, akaandika kwa kidole: MNYAMWEZI, HIYO NI CHAFYA AU LORI LIMEPINDUKA? Wodi nzima ikacheka, isipokuwa Nyamizi. Kucheka nako alikuwa amekatazwa.

Tangu hapo alijifunza kuishi kwa pumzi za adabu. Hakimbii. Haimbi. Hapigi kelele. Akitaka kulia analia kwa macho tu, bila kwikwi. Akivuta yeye, Mwamvua anavuta. Akishusha, Mwamvua anashusha. Na akifika kwenye mstari wa manjano unaokizunguka Kituo cha Mapafu, pale kilimani Kisarawe, anasimama kama mbuzi aliyefika mwisho wa kamba. Ng'ambo ya mstari kuna barabara, na kando ya barabara kuna mama anayechoma mihogo, ambaye kila asubuhi humpungia mkono. Harufu ya mihogo ile Nyamizi ameivuta tangu vuli, na sasa masika inakatika. Muuguzi akimletea kipande, huwa kimeshapoa.

Shingoni, chini ya sikio la kushoto, ana kovu dogo. Humo imelala mbegu, ndogo kuliko punje ya mtama, inayosikiliza mshipa wa fahamu unaoamrisha kupumua. Kila ubongo wa Nyamizi unapoagiza hewa, mbegu hulidaka agizo na kulituma kwenye mkanda uliofungwa mbavuni mwa Mwamvua. Mkanda nao hukiamsha kiwambo, ule msuli mpana chini ya mapafu ambao hushuka na kupanda tangu mtu azaliwe, wala hakuna anayewahi kuushukuru. Basi hewa inaingia, maadamu Nyamizi yumo ndani ya mstari wa manjano; akiuvuka, agizo halifiki. Lakini kuna kinachorudi pia. Mgonjwa akihangaika, Nyamizi analisikia hangaiko hilo juu ya mbavu zake mwenyewe, siku nyingine zito kama mkono wa mtu, siku nyingine kama gunia la mpunga. Akivuta kwa kina, mzigo unahamia kwake. Akivuta kidogo, unabaki kwa mwenyewe. Ujuzi wote wa kazi ile ulikuwa hapo tu, katika kujua lini uvute na lini usivute.

Wataalamu waliipa kazi hiyo jina refu la kitabuni. Wazaramo wa Kisarawe waliliangalia jina, wakawaangalia Wanyamwezi walioletwa kuifanya, wakawakumbuka wale wazee wao wa zamani waliotoka bara na mizigo kichwani hadi pwani. Wakasema: wapagazi. Jina likakaa, na jina refu likabaki kwenye milango ya ofisi.

*

Juu ya mlango wa wodi palikuwa na maandishi makubwa: HUMU HAKUNA NDUGU.

Mwanzoni ndugu ndio waliobebana. Mama alimbeba mwanawe, mke akambeba mumewe, na kila mtu akaona ndivyo inavyostahili. Ikashindikana. Kumtoa mtu kwenye mashine ya kupumulia ni kumpunguzia msaada kidogo kidogo, mpaka msuli uliolala uamke na kushika kazi yake. Na katika kupunguziwa huko mgonjwa hutoka jasho, hutweta, humtazama anayembeba kwa macho ambayo mama mzazi hawezi kuyastahimili. Ndugu walivuta kwa kina. Walibeba kila kitu kwa huruma, na wagonjwa wao wakanawiri mashavu huku viwambo vikinyauka kimyakimya ndani. Wengi hawakutoka tena.

Ndipo mmoja wa madaktari, aliyetoka kumzika shangazi yake na kuwaona watani wakilala ndani ya kaburi na kukataa kutoka, akauliza wenzake: katika nchi hii, ni nani mwenye ruhusa ya kukucheka hata msibani, na bado akaja kukuosha na kukuchimbia? Kituo kikaacha kuchukua ndugu, kikachukua watani. Mtani ana wajibu kwako, lakini hana huruma ya kukuharibu. Mzaramo akabebwa na Mnyamwezi, na kila kabila likatafutiwa watani wake.

Nyamizi Kapela alikuwa mrina asali wa Sikonge, mjane, mwenye binti mmoja aitwaye Kalunde na mizinga aliyoitundika kwa mikono yake msituni. Walimpenda kwa sababu ya nyuki. Mtu anayefungua mzinga hapumui ovyo. Pumzi ya mtu huwaudhi nyuki kuliko hata mkono wake. Unaivuta nyembamba, puani, juu juu, unaiachia pembeni, na unaweza kukaa hivyo mpaka ndoo ijae. Walipompima Kituoni, daktari aliyekuwa akitazama kioo alidhani chombo kimeharibika.

Na mgonjwa aliyepewa, jamani! Mwamvua Kibwana, kabla homa ya mapafu haijamwangusha, alikuwa bingwa wa utani Kisarawe nzima. Akifa Mnyamwezi au Msukuma popote kati ya Pugu na Maneromango, Mwamvua alifika na nguo za marehemu zilikuwa zake. Alizivaa, akamwigiza marehemu alivyotembea na alivyokopa sukari, wafiwa wakalia na kucheka kwa wakati mmoja. Siku ya kwanza alipomwona Nyamizi mlangoni, akiwa hoi na bomba shingoni, aliandika: MZIGO WENYEWE MIMI HAPA, MPAGAZI. INAMA NIKUTWISHE. Akaongeza kwamba akipona ataenda Sikonge kwenye msiba wa Nyamizi, amwigize anavyotembea kama amekanyaga kaa la moto.

Nyamizi alimpenda palepale. Hilo ndilo kosa la kwanza, ingawa hakuna sheria inayolikataza.

*

"Mama Kalunde," alisema Daktari Nakijwa, "unabeba mafungu mangapi siku hizi?"

"Matatu, Daktari. Katika kumi. Kama ulivyoniagiza."

Daktari alikuwa mwanamke mwembamba wa Upareni, mwenye tabia ya kuvua miwani kila anapotaka kusema jambo baya. Aliivua. Akaugeuza uso wa kioo cha mezani ili Nyamizi aone mistari miwili, mmoja mwekundu na mmoja wa buluu, ikipanda na kushuka.

"Mchana, ukiwa macho, ni matatu. Hapo sina neno. Lakini tazama huku. Hapa umelala baada ya chakula. Na hapa. Na hapa. Ukilala tu, unabeba tisa. Yeye anabaki na moja, na hata hilo moja nadhani ni heshima tu."

Nyamizi aliutazama ule mstari mwekundu, mstari wake, jinsi ulivyokuwa ukipanda kwa mapana. Akaona aibu, kama mtu aliyeambiwa anasema hovyo usingizini.

"Nikilala siwezi kujizuia, Daktari."

"Mtani anaweza. Wenzako wote wakilala mzigo unashuka. Anayebeba hivi usingizini ni mama, au dada." Daktari akarudi kwenye kioo. "Ilianza baada ya Idi. Kulitokea nini?"

Nyamizi alijua kilichotokea, na alijua saa ileile ilipotokea. Kondo, mume wa Mwamvua, fundi cherehani, mwanamume mpole ambaye kila siku alileta kisamvu cha nazi kwenye bakuli lililofunikwa, alikuja siku ya Idi na doti moja ya kanga. Si mbili, moja. Akaichana katikati mbele yao, kipande kimoja akampa mkewe, kingine akamkabidhi Nyamizi kwa mikono miwili. "Shemeji," akasema, "hii mgawane." Wanawake wanaogawana doti wana maana yao. Mwamvua alikuwa analia. Nyamizi angeweza kusema, mimi si shemeji yako, mimi nimekuja kukubebea mke na kumtukana. Badala yake alipokea, akajifunga palepale, akasema, "Ahsante, shemeji."

Tangu siku ile Mwamvua hakumwita tena Mnyamwezi. Alimwandikia DADA. Na Nyamizi, asiye na dada, alikunywa neno hilo mpaka mwisho.

Alimsimulia daktari yote. Daktari akasikiliza bila kuandika chochote.

"Kuna njia mbili," akasema hatimaye. "Kondo ameshaomba mzigo wa kudumu. Sheria inaruhusu, mbebaji akikubali. Mtahamia nyumba yao, mstari utachorwa kuizunguka nyumba, na wewe utaishi ndani yake. Ataishi. Hatatembea mbali, lakini ataishi, maadamu unaishi wewe."

"Na mimi?"

"Wewe utampumulia."

Nje, mama wa mihogo alikuwa akimfokea mtu aliyegusa muhogo wa watu bila kununua.

"Njia ya pili ni kumtua," Daktari akaendelea. "Lakini iwe sasa. Kiwambo chake kinanyauka kila siku unayombeba. Tukingoja kidogo tena, utautua mzigo na hakutakuwa na mtu wa kuupokea."

"Si uzime tu hii mbegu? Uzime, nisijue."

"Nikizima ghafla, mwili wake utakaa unangoja agizo kutoka kwako. Nimeliona hilo, mama. Wanangoja. Wanakaa wametulia kabisa, wanangoja." Alivaa miwani, akaivua tena. "Lazima yeye mwenyewe aanze kuvuta ungali upo, ajue kwamba amevuta. Baada ya hapo ndipo uondoke, kabla hujamsaidia tena."

"Na akishindwa?"

"Namrudisha kwenye mashine. Na safari hii simwoni akitoka."

Nyamizi alisikia mkono ukimlalia mbavuni. Mwamvua alikuwa ameamka huko ndani na kuanza kuhangaika. Bila kufikiri alivuta kwa kina, mkono ukaondoka, na Daktari Nakijwa akaona mstari mwekundu ukiruka.

"Uliwahi kumwachisha mtoto ziwa?"

"Kalunde. Nilipaka shubiri. Alilia siku mbili ananitazama kama mwizi."

"Basi," alisema daktari.

*

Jioni ile Kalunde alipiga simu kutoka Sikonge. Tumbo la mimba lilikuwa limeshashuka, mkunga alisema siku yoyote. "Mama, si uliniahidi utakuja?" Kisha, kwa sauti ya mtu anayepunguza uzito wa alichosema, akaongeza kwamba mizinga ya upande wa mto imehamwa, nyuki wameondoka wote. Nyamizi akajibu kwa sauti yake ya siku hizi, ile nyembamba isiyosumbua mtu, kwamba atajitahidi. Kalunde akauliza mbona anaongea kama mtu aliyefichwa kabatini.

Alipokata simu aliwachukia wote. Alimchukia Kondo na bakuli lake la kisamvu, akamchukia Mwamvua na lile neno DADA, akaichukia mbegu shingoni kiasi cha kutaka kuing'oa kwa kucha. Kisha chuki ikamwisha, akabaki na hofu peke yake. Maana alijiona waziwazi: hakuwa akimbeba Mwamvua kwa wema. Alikuwa akimbeba kwa sababu hakutaka kuwa mtu aliyemuua. Na kwa kutotaka kumuua alikuwa akimmaliza taratibu, kwa mapenzi, kila akilala.

Akaingia wodini. Kondo alikuwa amekaa pembeni ya kitanda akimkanda mkewe miguu. Mwamvua alikuwa ameshiba vizuri usoni, na mikono yake imekuwa laini kama ya mtoto mchanga. Akavuta kibao.

KONDO AMESEMA UTAKAA.

"Sijasema, dada."

Kidole kikasita juu ya kioo. USINIACHE, kikaandika. Halafu, hapohapo, NAOMBA.

Hilo la pili ndilo lililomchoma Nyamizi. Mwamvua Kibwana kuomba! Yule aliyelala ndani ya kaburi la Mzee Mayunga wa Pugu na kusema hatoki mpaka aletewe pilau! Nyamizi aliutazama uso ule mpole, wenye shukrani, usio na ubishi hata chembe, akatambua kwamba mtu aliyemjua siku ya kwanza mlangoni alikuwa ameshaanza kufa, na wao watatu walikuwa wamekaa hapo wakimpepea.

"Shemeji," alisema Kondo bila kuinua macho, "mimi sina cha kukupa. Ila nyumba ina vyumba vitatu. Chumba chenye dirisha la barabarani ni chako."

Dirisha la barabarani. Nyamizi alikaa akilifikiria dirisha hilo, na miaka iliyokuwa ikimngoja nyuma yake.

*

Asubuhi, chai ilipokwisha kunywewa, alimwomba daktari asimame karibu na kioo chake na asiseme kitu. Akaomba unga wa muhogo jikoni. Akajipaka usoni, mweupe kama watani wanavyojipaka, akaingia wodini kwa kilio.

"Uuuwi! Mwamvua wetu jamani! Mwamvua ametutoka!"

Kilio chenyewe kilikuwa kidogo, chembamba, cha puani. Hangeweza kulia zaidi. Alikuwa anapumua pumzi ya mzingani, ile ya juu juu, na kila neno alilifinya humohumo. Wagonjwa wa vitanda vingine waligeuka. Kondo alisimama, bakuli mkononi.

"Shemeji, vipi? Unaumwa?"

Nyamizi alikwenda moja kwa moja kwenye kitanda, akatwaa ile kanga ya Mwamvua iliyotundikwa kwenye chuma, akajifunga kifuani kwa fundo la upande, kama Mwamvua mwenyewe. Akarekebisha kilemba kisichokuwepo. Akamtazama Kondo kuanzia miguuni hadi kichwani, polepole, akabetua mdomo.

"Mwanamume gani huyu ananizika na viatu vya plastiki?"

Mtu akaguna kwa kicheko katika kitanda cha dirishani. Mwamvua hakucheka. Macho yake yalikuwa yamekuwa makubwa, na kidole kilikuwa kinatafuta kibao bila kukipata. Mzigo ukamlalia Nyamizi mbavuni, kwanza mkono, kisha gunia. Mwili wake wote ukamlilia: vuta! Hakuvuta. Alifikiria mzinga ulio wazi, nyuki wakimtembea usoni.

Akapanda kwenye kitanda cha magurudumu kilichokuwa tupu kando, akajilaza, akafumba macho, akakunja mikono kifuani. Akafumbua jicho moja.

"Nani kachimba hili kaburi? Mimi na makalio yangu haya, mnanitia kwenye mtaro wa maji?"

"Acha!" Kondo alisema. "Mtu yuko hai, unamwigiza maiti? Daktari, mwambie aache!"

Daktari Nakijwa alikuwa amekazia macho kioo.

Mwamvua alikuwa anatoka jasho. Machozi yalimtiririka kuelekea masikioni, na katika macho yake kulikuwa na kitu ambacho Nyamizi alikiogopa kuliko kifo, swali la mtu aliyesalitiwa. Gunia likawa magunia mawili. Nyamizi aliketi kwenye kile kitanda cha magurudumu, unga unamchuruzika kwa jasho, akajua kwamba akiuangalia uso ule kitambo kingine atavuta, na akivuta atakuwa amevuta milele. Akajikaza. Akawageukia watu wa wodi, mikono kiunoni.

"Jamani, mnajua marehemu kafa na nini? Uvivu! Nimemjua mie. Wazaramo wenzake wote wanaagiza nazi, wanaagiza samaki. Yeye kaagiza Mnyamwezi kutoka Sikonge aje kumpumulia! Kupumua! Kazi ya kulala chini! Hata hiyo kaona nzito, katafuta mpagazi!"

Akamwigiza Mwamvua akiwa amejilaza, amelegea, ananyoosha kidole kimoja kivivu kumwita mtumishi, na mtumishi asiyeonekana akija kumvutia hewa kwa mkono na kumlisha kama uji.

"Haya, mama, hewa ya asubuhi hii. Imepoa? Nikupulizie?"

Hapo kitu kikamgonga mbavuni.

Hakikutoka kwake. Kilikuja katikati, baada ya yeye kushusha na kabla hajavuta, mahali ambapo miezi yote ile palikuwa na ukimya. Kilikuwa kifupi na kikali. Kikaja kingine. Nyamizi aligeuka. Mwamvua alikuwa amefumba macho, uso umemkunjamana, mabega yanatikisika, tumbo linaruka chini ya shuka bila sauti yoyote. Alikuwa anacheka. Alikuwa amekasirika kupita kiasi na alikuwa anacheka, na kicheko hakibebwi na mtu kwa niaba ya mwingine.

Mzigo ukainuka, na safari hii aliyeuinua alikuwa Mwamvua.

Kidole kikakipata kibao. Herufi zilikuwa zimepinda. MNYAMWEZI MSHENZI, kikaandika. MIMI SITEMBEI HIVYO.

"Unatembea hivyohivyo," alisema Nyamizi, na kama angeruhusiwa angelia kwa sauti.

"Sasa," alisema Daktari Nakijwa kwa sauti ya chini. "Ameshika. Toka. Tembea, usikimbie."

Nyamizi aliinama kitandani. "Nikutue?"

Mwamvua alikuwa anatweta. Hofu ilikuwa imerudi machoni, hofu halisi ya mtu anayejua anachoulizwa. Alimtazama Nyamizi, akamtazama Kondo, akamtazama Nyamizi tena. Halafu akainua mkono wake laini na kuupunga mara mbili, kama mtu anayewafukuza kuku jikoni.

Mlangoni Kondo alikuwa amesimama, mikono amekamata fremu huku na huku.

"Shemeji, usimuue. Nakuomba. Kaa leo tu. Leo tu, kesho tutaongea."

Nyamizi alikuwa na pumzi ndogo sana ya kumjibia. "Mimi si shemeji yako, Kondo," alisema. "Mimi ni mtani wenu. Nipishe."

Kondo aliutazama uso ule mweupe kwa unga. Mkono mmoja ukashuka, kisha wa pili.

*

Alitembea, kanga ya Mwamvua bado imefungwa kifuani. Ua ulikuwa umelowa kwa mvua ya usiku. Nyuma yake alimsikia Mwamvua bado, si kwa masikio bali mbavuni, akivuta kwa kukwama kwama, akikosa, akishika tena. Kila alipokosa, Nyamizi aliona miguu yake inataka kugeuka. Aliuvuka mstari wa manjano katikati ya pumzi moja ya Mwamvua, na mwisho wa pumzi hiyo hakuujua. Ilikatika mbavuni mwake.

Hakuna mzigo. Hakuna mkono wala gunia.

Akasimama barabarani, hajui la kufanya na kifua chake. Hewa ilikuwepo nyingi, ya bure, na yeye alikuwa ameizuia, anangoja mtu mwingine aanze. Ilimlazimu kujiambia: vuta, Nyamizi. Akavuta. Ikamuuma. Alivuta tena, kwa kina, mpaka chini, pumzi ya kwanza ya peke yake tangu vuli, na akaona ni kama ameiba.

"Leo umevuka!" mama wa mihogo alimwambia, akicheka kwa ule unga usoni. "Kuna msiba?"

Nyamizi hakuweza kujibu, maana hakujua. Huko nyuma ya ukuta huenda Mwamvua alikuwa anapumua. Huenda alikuwa ametulia, anangoja. Hatua mbili tu nyuma na angejua. Hatua mbili, na mbegu ingeudaka mkanda, na mzigo ungerudi mahali pake, na dirisha la barabarani lingekuwa lake. Aliutazama mstari. Alijishika mwenyewe mabega kwa mikono miwili. Mama wa mihogo alimwekea muhogo wa moto kwenye karatasi, na muhogo ukapoa mkononi mwake.

Jua lilikuwa limeshakausha ua Kondo alipotoka.

Alikuja polepole, kichwa chini, na akasimama upande wake wa mstari. Macho yalikuwa mekundu, shati limemtoka kiunoni. Nyamizi aliacha kupumua.

Kondo akanyoosha mkono.

"Anataka kanga yake," alisema.